Malisho ya Chini ya Maji

Mkulima wa nchi kavu, akiona shamba lake limesongwa na magugu, hushika jembe akalima. Na mfugaji, akiona nyasi za uwanda wake zimepita urefu wa goti, hufungulia ng'ombe na mbuzi wakala zikapungua. Lakini mwenye bwawa, ambaye magugu yake huota mahali jembe lisipofika na ukwato wa mbuzi usipokanyaga, aghalabu husimama ukingoni ameshika kiuno, akiitazama mali yake ikigeuka kinamasi mwaka hata mwaka. Makala haya yanahusu mifugo iliyoumbwa kwa malisho ya namna hiyo, yaani samaki walao majani. Manufaa yao, madhara yao, na adabu impasayo kila atakaye kuwatumia.

Yafaa kwanza tuitendee haki mimea yenyewe. Majani ya majini, kwa kiasi chake, ni neema. Mchana, jua linapowaka, huyapa maji hewa ya oksijeni ambayo samaki huivuta kwa matamvua yake. Vifaranga hujificha humo wasimezwe na wakubwa wao. Na mizizi huyashika matope ya kingo yasimomonyoke. Uadui huanza pale kiasi kinapopita. Usiku mimea ile ile iliyotoa oksijeni huivuta, na ikiwa imelijaza bwawa zima, alfajiri humkuta samaki akitweta juu ya maji, mdomo wazi, na pengine jua likichomoza humkuta amekwisha kufa. Mfereji wa kumwagilia ukisongwa, maji hupoteza mwendo, hata shamba lililo mwisho wa mfereji likakauka ilhali lile la mwanzo limefurika. Tena katika nchi zetu za joto kuna balaa lililo zaidi ya hayo: konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho hupenda kujilisha na kutaga juu ya mimea ya maji yaliyotulia, basi mtoto aingiaye kuogelea kati ya majani yale huweza kutoka na maradhi asiyoyaona wala kuyahisi siku ile.

Miongoni mwa magugu hayo, machache yamewatia wanadamu taabu kama lile liitwalo haidrila, mmea mwembamba wenye majani madogo yaliyozunguka shina, ambao asili yake ni maji ya vuguvugu ya Asia na sehemu nyingine za ulimwengu wa kale, nao ukapelekwa Florida katika miaka ya 1950 kwa biashara ya mapambo ya matangi ya vioo ambamo watu hufuga samaki. Ukiukata, kila kipande chenye pingili huweza kuota mmea mpya, kwa hiyo mkataji huwa ameupanda alipodhani ameuondoa. Ukiung'oa, viazi vyake vidogo hubaki topeni, navyo huweza kungoja miaka kadhaa kisha vikachipua. Ukiumwagia dawa ya kuua magugu, utakufa, lakini mizoga ya majani ikioza yote kwa mara moja huivuta oksijeni ya maji, nao samaki ambao kwa ajili yao ulitaka kulisafisha bwawa huelea matumbo juu. Fauka ya hayo, dawa hununuliwa tena mwaka unaofuata, na mashine ya kukatia hudai mafuta na vipuri kila msimu. Ndipo akili za watu zikarudi kwenye hekima ya mfugaji: jani lisilomalizwa kwa panga, huenda likamalizwa kwa mdomo.

Mdomo uliosifika kuliko yote kwa kazi hiyo ni wa samaki mmoja wa mito ya Asia ya Mashariki, tangu Amur inayopakana na Urusi hadi mito ya kusini ya China. Wachina humwita samaki wa majani, na mimi nitamwita mla-nyasi. Ni samaki mwenye mwili mrefu wa mviringo kama gogo, kichwa kipana, na magamba makubwa yenye kingo za rangi ya giza, ambaye akipata malisho ya kutosha huweza kupita kilo 20 na kuishi zaidi ya miaka kumi. Mdomoni hana jino hata moja. Meno yake yako kooni, yamepangwa na kuchongoka kama kitana, na kwa meno hayo hukata na kusaga majani kabla ya kuyameza. Ndiyo maana wataalamu wakampa jina la Ctenopharyngodon, ambalo kwa lugha ya Kiyunani lamaanisha mwenye meno ya kitana kooni.

Maajabu ya mnyama huyu yamo katika tumbo lake. Ng'ombe amejaaliwa tumbo la vyumba vinne na utumbo mrefu mno, naye hucheua apate kutoa manufaa yote yaliyomo katika ukoka. Lakini mla-nyasi ana utumbo mfupi, takriban mara mbili au tatu ya urefu wa mwili wake, na karibu nusu ya alichokula humtoka bila kuyeyushwa. Kwa kuwa hapati faida kubwa katika tonge moja, hana budi kuongeza matonge. Maji yakiwa na joto la kati ya nyuzi 20 na 30 za Selsiasi, samaki kijana huweza kula kwa siku moja majani mabichi yenye uzito sawa na wake mwenyewe, au kuuzidi. Msomaji na aikumbuke nusu ile isiyoyeyushwa, kwani tutairudia. Humo ndimo imo siri ya manufaa ya samaki huyu na siri ya madhara yake.

Wachina wamemfuga kwa karne nyingi, naye ni mmoja wa samaki wanne waliozoeleka sana katika mabwawa yao. Inasimuliwa kwamba katika zama za wafalme wa Tang, ambao jina la ukoo wao, Li, lilitamkwa sawa na jina la samaki aliyekuwa akifugwa na kila mtu, ilikatazwa kumvua na kumla samaki yule kwa heshima ya kiti cha enzi, na wafugaji kwa kutafuta riziki wakawageukia wengine. Iwe kisa ni cha kweli ama cha kupambwa, tadbiri waliyoifikia ni ya kustahili sifa. Mkulima hukata nyasi za kingoni akazitupa bwawani, mla-nyasi huzila, ile nusu isiyoyeyushwa huyarutubisha maji hata ukaota ukoga wa kijani usioonekana chembe chembe, samaki wa pili huula ukoga huo, wa tatu hula vijidudu vilivyoshiba ukoga, na wa nne huponda konokono walio chini. Kwa hiyo hapana kilichopotea, maana taka ya mmoja imekuwa karamu ya jirani yake. Lakini angalia, ewe msomaji, kwamba katika bwawa la Mchina mla-nyasi hakuachwa peke yake, wala hakuachwa bila mtu wa kumvua na kumla alipokua.

Mwaka 1963 samaki huyu aliletwa Marekani, katika vituo vya majaribio vya Alabama na Arkansas, kwa matumaini ya kupata dawa ya magugu isiyo sumu. Wataalamu walikuwa na sababu ya kutohofu sana. Mla-nyasi hatagi katika maji yaliyosimama; mayai yake hutaka kusukumwa na mkondo wa mto mrefu wenye joto mpaka yaanguliwe, na yakizama topeni hufa. Katika bwawa, basi, hazai ila kwa mkono wa mwanadamu anayemdunga sindano ya dawa ya kumtagisha. Hoja hiyo ilikuwa sahihi kwa bwawa, ila bwawa lina mlango, na mlango wa mabwawa ya Arkansas huishia Mississippi, ambao ni mto mrefu wenye mkondo na joto. Samaki walitoroka mwaka 1966, na katika miaka ya 1970 ilidhihirika kuwa wanazaliana mtoni bila idhini ya mtu yeyote. Tangu hapo wameenea mbali, hata mwaka 2015 mayai yao yakapatikana katika mto Sandusky, unaomwaga maji yake katika Ziwa Erie.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote, hata hivyo, ni cha Ziwa Conroe, kaskazini ya Houston katika jimbo la Texas, ziwa lililotengenezwa na watu, lenye eneo la hekta 8,100 hivi. Haidrila iliingia humo katika miaka ya 1970, na ulipofika mwaka 1981 magugu yalikuwa yamefunika karibu nusu ya ziwa. Wenye nyumba za kingoni walilalamika kuwa mashua hazipiti. Wavuvi wa ndoano, kwa upande wao, waliyapenda majani kwa kuwa ndiyo maficho ya samaki wao. Kati ya 1981 na 1982 waliachiwa humo wala-nyasi 270,000, yaani kama 33 kwa kila hekta ya ziwa, na zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo kwa kila hekta yenye magugu. Walifanya walilotumwa. Kufikia mwishoni mwa 1983 haidrila ilikuwa imekwisha. Na pamoja nayo ilikwisha mimea yote mingine ya chini ya maji, ile yenye kudhuru na ile isiyo na hatia.

Hapo ndipo ile nusu isiyoyeyushwa ilipodai haki yake. Rutuba yote iliyokuwa imefungwa ndani ya majani iliingia majini kwa njia ya matumbo ya samaki, na kwa kuwa hapakuwa na mmea mkubwa wa kuipokea, ilipokewa na ukoga mdogo ueleao. Maji yaliyokuwa yakionyesha chini yakawa na ukungu wa kijani. Watu waliokuwa na ziwa la majani wakawa na ziwa la ukoga, na samaki wanaotegemea majani kwa maficho wakapungukiwa na makao. Siwezi kusema kwamba samaki walikosa, kwa maana mnyama hutenda kwa tabia yake. Ng'ombe mia wakifungwa katika uwanja wa ng'ombe kumi watakula nyasi, kisha mizizi, kisha watauacha udongo uwe vumbi, na hakuna kadhi atakayewahukumu ng'ombe, atahukumiwa mchungaji.

Ama kuhusu samaki kuzaliana mitoni, wataalamu wa Marekani katika miaka ya 1980 walibuni njia ya kupata mla-nyasi tasa. Mayai yaliyokwisha kurutubishwa hubanwa kwa shinikizo kali dakika chache tu baada ya kurutubishwa, na kwa mbano huo kifaranga huzaliwa akiwa na mafungu matatu ya kromosomu badala ya mawili aliyokadiriwa na maumbile. Samaki huyo hula na kukua kama ndugu zake, lakini hawezi kuacha kizazi. Kwa kuwa njia hiyo haifaulu kwa kila yai, damu ya kila samaki mmoja mmoja hupimwa kabla hajauzwa kwa kazi hii, maana chembe za damu za tasa zina kiini kikubwa zaidi, na serikali huweka wakaguzi wa kuthibitisha kazi hiyo. Majimbo mengi ya nchi ile hayaruhusu mwingine asiyekuwa huyu. Katika Bonde la Imperial, California, jangwa lililofanywa shamba kwa maji ya mto Colorado, mamlaka ya umwagiliaji ina kituo chake cha kutotolesha samaki tasa na kuwaachia katika mifereji iliyokuwa ikisongwa na haidrila. Na gugu liliporudi Ziwa Conroe katika miaka ya 2000, samaki tasa waliletwa kwa makundi yaliyohesabiwa, majani yakipimwa katikati. Hata hivyo sehemu kubwa ya majani ya asili iliangamia tena pamoja na gugu, ikawa ushahidi kwamba utasa humzuia samaki kuzaa, haumzuii kula.

Katika bara letu, Misri ilimhitaji mla-nyasi kwa sababu ya peke yake. Zamani Mto Nili ulileta tope jingi kila mwaka, na tope lile lilizuia nuru isifike chini ya maji. Lakini baada ya kukamilika Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970, tope lilibaki nyuma ya ukuta, maji ya mifereji yakatakata, jua likafika chini, na magugu yakasitawi kuliko ilivyowahi kuonekana. Wala-nyasi wakatiwa mifereji hiyo, wakawa wachungwa wa serikali na kitoweo cha wananchi kwa pamoja.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki tunaye wetu. Katika aila kubwa ya perege wako wengi walao ukoga na vumbi la chini ya maji, lakini wachache ni walaji hasa wa majani, na mashuhuri kati yao ni perege mwenye tumbo jekundu, ambaye kwa asili yuko katika Ziwa Albert, Ziwa Turkana na maji ya Nili. Huyu ni mdogo kuliko mla-nyasi wa China, na kwa tabia ni kinyume chake: hazai mtoni bali huchimba vishimo katika maji yaliyotulia, hutaga humo na kuyalinda mayai yake kwa ukali, tena huanza kuzaa angali mdogo, hata bwawa lisilovunwa hujaa visamaki visivyotosha kikaango. Wamarekani walimtia katika mifereji ile ile ya Imperial kwa kazi ya magugu, kabla ya kuingia kwa yule tasa. Huku kwetu aliletwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na moja ya hoja za kumleta ilikuwa kwamba majani ya kingoni hayana samaki wa kuyafaidi ipasavyo. Hoja ilipendeza, lakini kingoni mle ndimo mbiru, perege wa asili wa ziwa lile, alimolea vifaranga vyake, na wataalamu wa samaki waliona kuwa mgeni amemsonga mwenyeji katika kitalu chake. Baadaye mbiru alipatwa na mengine makubwa zaidi, likiwamo la sangara, na leo ni nadra kuonekana katika ziwa ambamo zamani alikuwa riziki ya kila nyumba.

Ziwa Naivasha nalo lina ushahidi wake, ingawa mlaji wa huko hakuwa samaki. Mwaka 1970 waliachiwa humo kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, kwa ajili ya biashara ya chakula. Katika miaka iliyofuata kamba hao waliongezeka bila hesabu, na mimea ya chini ya maji pamoja na mayungiyungi ya buluu yaliyokuwa fahari ya ziwa yakatoweka, mlaji huyo akiwa na sehemu kubwa katika hasara hiyo. Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki, nasi twaweza kuongeza kwamba kiumbe akimwagwa majini, hazoleki vile vile.

Je, tuache? La, si haki kuikataa dawa kwa sababu kuna aliyekunywa chupa nzima. Bwawa la shamba lililozungushiwa kingo, mfereji wenye malango, na birika la kunyweshea mifugo ni mahali ambapo samaki mla-majani aweza kuwa mtumishi mwema kuliko panga na sumu, maadamu mwenye bwawa amekubali kuwa mchungaji. Na uchungaji wenyewe una masharti.

Sharti la kwanza ni kulijua gugu lenyewe. Samaki hawa hupenda majani laini ya chini ya maji na yale madogo yaeleayo. Hawapendi matete, hawapendi mayungiyungi yaliyokomaa, wala hawataliokoa bwawa lililofunikwa na gugu maji lenye maua ya zambarau. Kwa gugu hilo, lililolivamia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, walioitwa ni wadudu, fukusi wawili wadogo wa Amerika ya Kusini, walioachiwa katika miaka ya 1990. Kila gugu lina mlaji wake, na kumleta asiyehusika ni kuongeza mgeni bila kupunguza taabu.

Sharti la pili ni hesabu. Pima eneo lenye majani kabla ya kuulizia samaki. Kwa mla-nyasi tasa, Wamarekani aghalabu hushauri kati ya 12 na 50 kwa hekta kadiri ya wingi wa magugu, na ni heri kuanza na wachache, kungoja msimu mzima au miwili, kisha kuongeza, kuliko kuwatia wengi halafu kuwafukuza kwa wavu usiowapata. Lengo liwe bwawa lenye majani machache, maana bwawa tupu hungojewa na ukoga. Sharti la tatu ni umri: awe na urefu wa sentimita 20 au zaidi, kwani mdogo wa hapo hugeuka chakula cha kambare na wala-nyama wenzake, na ijulikane kuwa mzee hula kidogo kwa kadiri ya uzito wake, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa huvuliwa, akaliwa, akaletwa kijana. Sharti la nne ni uzio: wavu wa chuma katika kila tundu la kuingilia na la kutokea maji, nao ukaguliwe kabla ya masika, kwa sababu mafuriko ya usiku mmoja hubomoa hadhari ya miaka kumi.

Sharti la tano ndilo kubwa, nalo ni kutomhamisha samaki yeyote kutoka maji haya hadi yale pasipo ruhusa na nasaha ya maofisa wa uvuvi. Samaki mgeni huja na wageni wake; mla-nyasi wa China ameeneza tegu wa samaki katika nchi nyingi alikopelekwa, na tegu yule hakuandikwa katika hati ya mzigo. Aliye na bwawa mlimani na akumbuke kuwa chini yake uko mto, na mwisho wa mto liko ziwa, na ukingoni mwa ziwa wako watu ambao hawakushauriwa. Kwa hiyo, ewe mwenye bwawa, siku utakapoletewa ndoo ya vifaranga na kuambiwa kwamba watakumalizia magugu, usiwamimine kwanza. Pima majani yako, kagua uzio wako, umwite ofisa wa uvuvi, ndipo uwahesabu mmoja mmoja.